Aliyewaamsha Viwavi wa Shuqin

Asubuhi ile Luan Shuqin hakupiga kelele, na hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu yeyote wa bonde lile.

Kelele ndiyo kazi yake. Mfugaji wa viwavi wa hariri wa mlimani hashindi ndani na masinia ya majani kama wale wa miforosadi. Viwavi wake wako nje, juu ya mialoni, mlima mzima, na kila mwenye mdomo anawataka: kunguru, nyigu, chura, sisimizi. Kwa hiyo vuli nzima, kuanzia alfajiri mpaka jua litue, anatembea huku akichapa mjeledi hewani na kupiga mayowe. Shuqin alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini na tano kati ya hiyo alikuwa ameitumia kumtukana kunguru. Sauti yake ilikuwa imechakaa ikabaki mikwaruzo mitupu, lakini bado ilivuka mabonde mawili. Wanawake wa kijijini walisema hawahitaji saa: Shuqin akianza kutukana, bandika uji.

Sasa alikuwa amesimama kimya mbele ya mialoni mitano, mjeledi umelala begani.

Mialoni ya mlima ule hairuhusiwi kurefuka. Hukatwa karibu na ardhi kila baada ya miaka michache, ikachipua upya, ikawa vichaka vya kimo cha mtu, ili mfugaji afikie kila tawi. Kwenye shina la kila mmoja wa ile mitano Shuqin alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Jana jioni, juu ya miti ile, kulikuwa na viwavi mia tatu na kumi na wawili, wamelala usingizi mkuu. Leo hakuwako hata mmoja.

Alisogeza uso karibu na kijiti, pua ikakaribia kugusa gome. Aliona mabaka madogo meupe ya uzi, na juu ya mabaka yale vikucha vimebaki vimeng'ang'ania. Vikucha vya miguu ya nyuma. Miguu ipo, mwenye miguu hayupo.

Usingizi wa kiwavi si usingizi wa mtu. Katika maisha yake mafupi hulala mara nne, na kila mara sababu ni moja, nguo imembana: anakula mno, na ngozi haitanuki. Basi hutandika kizulia cha uzi juu ya kijiti, hupachika vikucha vya miguu ya nyuma hapo, huinua kichwa kama mtu anayesali, na hunyamaza. Siku mbili, tatu, hali kitu. Ndani kwa ndani anajishonea ngozi mpya. Kisha ile kuukuu hupasuka kisogoni, naye hutembea mbele, akatoka, akaiacha nyuma yake imeshika kijiti. Bila kile kizulia hatoki. Ni kama kuvua buti lililolowa na hakuna wa kukushikia kisigino. Utavuta mpaka kesho. Kiwavi aliyeng'olewa usingizini hufa nusu amevaa, nusu yuko uchi, na usingizi wa nne, ule mkuu, ndio mbaya kuliko yote. Mtoto wa miaka mitano wa kijiji kile analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na hawa hawakuwa viwavi hivi hivi. Bonde zima linafuga wa kijani, wote kutoka mayai ya kituo kimoja cha mbegu. Hawa wa miti mitano walikuwa wa samawati, rangi ya moshi wa kuni mbichi, na hawakuwako mahali pengine popote ambapo Shuqin aliwahi kusikia. Mama mkwe wake ndiye aliyewatunza, mwaka baada ya mwaka: vuli anachagua vifukofuko bora, majira ya baridi anavitundika chumba kisicho na moto, majira ya machipuko nondo wanatoka, wanapandana, wanataga, gurudumu linazunguka tena. Bibi yule alikuwa na watoto wawili wa kiume, lakini mbegu alimkabidhi mke wa mwanawe mkubwa. "Wanangu wana mikono," alisema. "Macho unayo wewe." Yule mwana mkubwa alikuwa ameshakufa, mwaka wa tisa huu. Tieshan, mtoto wa pekee wa Shuqin, alikuwa mjini Dalian akichomelea meli. Nyumbani walibaki Shuqin na mbegu.

Alizunguka mti wa kwanza, wa pili. Kwenye mti wa tatu akasimama.

Kuna jambo alilojifunza vuli yake ya kwanza kama bibi harusi, alipoingiza mkono kichakani akautoa akilia. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe ulizoea kuchuma wakati wa machipuko, siyo? Machipuko na vuli ni vijiji viwili, binti yangu. Mti ni mmoja, wakazi ndio wanaohama."

Na kweli. Wakati wa machipuko jani la mwaloni ni laini kama sikio la mtoto mchanga, na kila kiwavi wa dunia anakuja mbio: wale wanaopima kijiti kwa mgongo uliokunjika, wale wanaokunja jani na kujificha ndani kama mtu katika blanketi, wale wanaoning'inia kwa uzi na kumwingia mpita njia shingoni. Wengi, wepesi, wana haraka, maana jani likishakomaa limewashinda. Lakini hawana neno, hata ukiwashika. Vuli jani limekuwa gumu kama ngozi ya kiatu, chungu, na wale wa mwanzo wameshakwenda zao. Wanakuja wengine, wachache, wasio na haraka, na kila mmoja amekuja na silaha. Kuna wenye manyoya ya manjano, wanaojipanga bega kwa bega ukingoni mwa jani, vichwa vyote upande mmoja, kama wanafunzi mstarini. Na kuna washawasha: mfupi, mnene, kijani, na baka la kahawia mgongoni mithili ya unyayo wa kiatu. Yeye hukaa chini ya jani, kimya kabisa. Akikugusa utadhani umeshika waya wa umeme uliopakwa pilipili. Ndiyo maana machipuko unaingiza mkono halafu unaangalia, vuli unaangalia halafu unaingiza mkono.

Kwenye mti wa tatu, chini ya jani moja, washawasha wawili walikuwa wamepondwa. Walipondwa kwa kiganja. Kiganja kitupu, kilichoshika jani zima kwa nguvu kama mtu anayeshika kitasa cha mlango.

"Mama Tieshan!" Sauti ilitoka upande wa pili wa kijito. Alikuwa Qu Laowu, mfugaji wa mlima jirani, mzee mwembamba mwenye kofia ya manyoya anayoivaa hata jua likiwaka. "Umekufa au umemeza mjeledi? Kunguru wote wamehamia kwangu, wanasema kwako leo kuna msiba!"

Laowu akavuka kijito akihema.

"Nionyeshe mikono," Shuqin alisema.

"Mikono? Unataka kunivisha pete? Mke wangu bado yu hai, mjane wewe, na ana wivu."

"Mikono, mzee Qu."

Akaitoa. Shuqin akaigeuza, akaitazama vidole na viganja. Ilikuwa imepasukapasuka, myeusi kwa utomvu, lakini haikuvimba popote. Akaiachia. Ndipo Laowu alipoinua macho akaiona miti, na utani ukamkauka mdomoni.

"Ha! Wale wa samawati? Wezi?"

"Mwizi angekata vijiti na mkasi, akaondoka nao wamelala hivyo hivyo. Huyu kawang'oa kwa vidole. Mmoja mmoja. Kama anachuma maharage."

"Nani wa kijiji hiki asiyejua kwamba kiwavi aliyelala..."

"Mtu asiyewahi kupanda mlima huu wakati wa vuli," Shuqin alisema. "Machipuko anaujua. Anaingiza mkono halafu anaangalia. Nenda ukamtafute mwenye mkono uliovimba, utampata."

Walitazamana. Laowu alijikuna chini ya kofia. Kijiji kizima kulikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo: aliyekuwa shule ya bweni mjini kila vuli, akirudi likizo ya machipuko kumsaidia mama yake; kisha akaenda jeshini, kisha ofisini, na sasa alikuwa mkuu wa kijiji mwenye viatu vya ngozi.

"Na leo wanakuja wageni wa wilaya na kamera," Laowu alisema polepole, kana kwamba hataki maneno yake mwenyewe yamfikie. "Chi Dewu alisema jana anataka viwavi wapendeze pale barabarani. Lakini, mama Tieshan, ni shemeji yako. Nenda taratibu."

Shuqin alikuwa ameshaanza kushuka, na hakuwa anakwenda taratibu.

Kando ya barabara, chini ya bendera mpya, kulikuwa na mialoni mitatu iliyoachwa ikarefuka kwa ajili ya kivuli. Chi Dewu, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama hapo na koti lililopigwa pasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetumbukizwa kwenye mfuko wa nailoni uliojaa maji ya sabuni, ameushika mbele yake kama mtoto aliyenunuliwa samaki wa rangi.

"Shemeji! Afadhali umekuja mapema. Rudi uvae lile koti jekundu, kamera inapenda rangi. Na mjeledi, vizuri, umekuja nao."

Shuqin alimpita akaenda kwenye miti. Walikuwako. Wamepachikwa juu ya majani, wengine wametandazwa kama nguo kwenye ua, wengine wameanguka nyasini. Wachache walikuwa wakipindapinda kichwa. Mmoja ngozi ilikuwa imempasukia kisogoni, kichwa kipya kimetoka, kibichi, cheupe, na mwili uliobaki umekwama ndani; alikuwa akijivuta, na ngozi kuukuu inamfuata kama mkia, anavuta nayo inafuata, anavuta nayo inafuata.

"Dewu," alisema. "Uliwafanya nini?"

"Niliwakuta wamelegea, shemeji, hawali, wameinua vichwa tu. Nikasema hawa wana njaa, majani ya huko juu yamekauka. Nikawaleta kwenye majani mapya. Si ungenishukuru?"

"Wana njaa."

"Na nilijua penye kitambaa ndipo penye wale wazuri. Mama alikuwa anafunga hivyo hivyo, nakumbuka tangu mdogo."

"Mama alikuwa anafunga kwa ajili yako!" Sasa sauti ilitoka, na mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka. "Kwa ajili yako, mwenye mikono usiye na macho! Kitambaa maana yake usiguse! Wamelala, usiguse! Miaka hamsini umekula chumvi ya nyumba ile na hukuuliza hata siku moja kile kitambaa ni cha nini?"

"Punguza sauti, shemeji, watu..."

"Watu wasikie!"

"Ni viwavi mia tatu." Dewu alitazama huku na huku. Wanawake wawili waliokuwa wakifagia barabara walikuwa wameacha kufagia. "Mlima una maelfu na maelfu. Nitazungumza na kituo cha mbegu, watakupa mayai, hata mara mbili yake."

"Ya kijani."

"Ya kijani, ya samawati, hiyo ni rangi tu."

Shuqin aliushika ule mkono uliokuwa mfukoni, juu ya nailoni, akaubana. Dewu alitoa sauti ambayo mkuu wa kijiji hapaswi kuitoa.

"Rangi tu? Mwaka ule barafu ilipowahi, Tieshan akiwa bado mgongoni, viwavi wa kijani walianguka mlima mzima kama matunda yaliyooza. Unakumbuka? Hukumbuki, ulikuwa shule. Hawa wa samawati waliendelea kutafuna. Walitafuna majani yenye barafu! Wewe ulikaa darasani baridi ile yote, tumbo limejaa mtama, ukisoma hesabu, kwa sababu ya hawa. Viatu vyako vya kwanza vilitoka hapa. Rangi tu!"

Akaachia mkono. Dewu alikuwa amebadilika rangi, na sehemu yake moja tu ilikuwa aibu; iliyobaki ilikuwa maumivu.

"Inauma sana, shemeji," alinong'ona. "Kuna dawa?"

"Ipo," Shuqin alisema. "Aliijua mama yako."

Alipiga magoti nyasini. Alimpulizia pumzi kiwavi mmoja, hakucheza. Akamweka kando. Wa pili akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayesumbuliwa na nzi. Huyo akamweka juu ya leso yake. Laowu alikuwa amefika, akapiga magoti naye bila kuambiwa, kofia ikamteleza hadi kwenye nyusi.

"Utafanya nini nao, mama Tieshan? Kizulia hakipo tena."

"Nitawashikia kisigino."

Alivuta uzi kwenye upindo wa shati lake, akaukata kwa meno. Akamlaza kiwavi juu ya kijiti kibichi, akazungusha uzi mara moja kwenye mkia, pale tu ambapo ngozi kuukuu ilikuwa imeanza kuachana na mwili, akafunga. Ukikaza sana unamkata, ukilegeza sana ni kazi bure. Hakuwahi kuifanya kazi ile, wala kuiona ikifanywa. Alikuwa anaikisia tu, kwa hasira.

"Kaa chini, Dewu. Funga."

"Mimi? Shemeji, wageni wanafika saa nne."

"Watakukuta umekaa."

"Siwezi kukaa nyasini mbele ya..."

"Basi naenda kaburini kwa mama sasa hivi. Nitapiga magoti pale na kumwambia jina lako lote, na ulichokifanya, na mkono ulioutumia. Kwa sauti yangu hii. Kijiji kizima kitasikia nikimwambia."

Dewu alitazama mlima, mahali makaburi ya ukoo wa Chi yalipo. Akauvua mfuko wa nailoni. Mkono ulikuwa mwekundu, umejaa malengelenge madogo kama uji unaochemka. Akakunja suruali ya pasi, akakaa.

"Si kwa huo," Shuqin alisema. "Kwa ule mzima. Na angalia kwanza, halafu shika."

Wageni walikuja kwa magari mawili. Walishuka watu sita, na mmoja wao, mkubwa mwenye tumbo na sauti ya upole, akatembea moja kwa moja hadi mitini mikono ikiwa mgongoni. Nyuma yake alikuja msichana wa kamera.

"Oho, kazi imeshaanza! Vizuri sana. Mkuu wa kijiji mwenyewe anafanya kazi na wananchi, chukua hiyo, chukua hiyo. Na wewe mama, nasikia ndiye bingwa wa mjeledi. Hebu simama pale penye jua, chapa mara mbili tatu, na tabasamu kidogo."

"Sina mkono wa mjeledi," Shuqin alisema bila kuinua kichwa. "Nina maiti."

Mkubwa alicheka, akaangalia kama wengine wanacheka.

Msichana wa kamera aliinama karibu. "Mama, mnawafunga kwa uzi kwa nini? Ni sehemu ya ufugaji?"

"La. Ni sehemu ya ujinga." Na Shuqin akamweleza. Hakuficha kitu. Alisema usingizi mkuu ni nini, akamwonyesha vikucha vilivyobaki, akamwonyesha yule aliyekwama na kichwa kipya, ambaye sasa alikuwa ameacha kujivuta. Akasema ni nani aliyewang'oa, saa ngapi, na kwa ajili ya nani. "Kwa ajili yenu. Ili mpate picha." Alilitaja jina la Chi Dewu mara tatu, na mara zote tatu Dewu aliinamisha kichwa zaidi, akafunga fundo lingine.

Mkubwa alikohoa.

"Kipande hiki tutakikata," alimwambia msichana. Kisha, kwa ule upole wake: "Mama, nimeguswa. Kweli nimeguswa. Mnawapenda sana wadudu wenu."

Hapo Shuqin alisimama.

"Nani anapenda kiwavi? Wewe umewahi kumwona mtu anampenda kiwavi? Anakula, anakunya, anakula. Ukimponda anatoa maji ya kijani. Siwapendi! Nawafuga. Mtu aliniachia mkononi kitu kizima, na mimi nilipaswa kukiacha kizima. Jana kilikuwa kizima."

Hawakukaa kula. Kuku aliyechinjwa kwa ajili yao aliliwa na wanawake wawili waliokuwa wakifagia barabara, nao walikiri baadaye kwamba alikuwa mtamu. Shuqin na Laowu walikula mikate ya mahindi na vitunguu vya majani vilivyochovywa kwenye rojo la maharage, wamekaa pale pale, mkono mmoja unakula, mwingine umeshika kijiti. Dewu hakuambiwa ale. Alifunga mpaka alasiri. Mafundo yake yalikuwa mabaya, Shuqin akayafungua karibu nusu, akayafunga upya, na kila alilolifungua alilitaja: "Hili limekaza. Hili limelegea. Hili sijui ni fundo au ni mavi ya mbuzi."

Katika mia tatu na kumi na wawili, waliokuwa bado wanageuza kichwa walikuwa mia na kumi na tisa. Hao ndio waliofungwa. Waliwapandisha mlimani na vijiti vyao, wakavipachika ndani ya mwaloni mmoja wenye majani mazito, na Shuqin akajenga kibanda cha matawi chini yake akakaa.

Siku ya pili asubuhi wa kwanza alitoka. Ngozi ilipasuka kisogoni, kichwa kikubwa kikachomoza, halafu mwili ukaanza kusukumana kutoka nyuma kwenda mbele, pingili baada ya pingili, kama wimbi ndani ya soksi. Uzi ulishika. Ngozi ilibaki nyuma, imekunjamana, na kiwavi akasimama mbele yake mbichi, samawati, ana unyevu kama kitu kilichofuliwa sasa hivi. Alipumzika. Kisha akageuka, akaionja ngozi yake mwenyewe, akaanza kuila.

Laowu alipiga paja. "Mama Tieshan! Umeona? Umeona!"

"Nimeona mmoja," Shuqin alisema.

Walitoka thelathini na wanane. Themanini na mmoja walikauka wakiwa wameshikwa na nyuzi zao, na Shuqin hakuwatoa mtini haraka. Aliwaacha siku nzima, akawa anawatazama kila alipozunguka na mjeledi, ili hasira isipoe. Thelathini na wanane ni wachache sana. Machipuko hujui nani atatoka dume na nani jike, nondo wengine hutoka na mabawa yaliyojikunja, wengine hawatagi. Mbegu ilikuwa haijafa. Ilikuwa imebaki na uzi mmoja.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa walijifungia. Vifukofuko thelathini na vinane, vya rangi ya mchanga, vimekunjwa ndani ya majani. Siku Shuqin alipovileta nyumbani, Chi Dewu alikuja na chupa ya pombe ya mtama na boksi la keki. Mkono ulikuwa umepona, umebaki na magamba.

"Shemeji, sikuja kujitetea," alisema akiwa kizingitini. "Nimezungumza na wilaya. Wana chumba cha baridi, cha umeme, kipimajoto, kila kitu. Wako tayari kuvihifadhi hivi mpaka machipuko. Wataandika jina lako mlangoni."

"Jina langu mlangoni."

"Kwa herufi kubwa."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo utakuwa kwao, bila shaka."

"Chukua pombe yako, Dewu."

"Shemeji, mpaka lini utanikasirikia? Mimi ni mdogo wa mumeo. Nilikosea kwa nia njema."

"Najua nia ilikuwa njema. Ingekuwa mbaya ungekuwa mwangalifu." Akafunga mlango. Keki alizikuta kesho yake kizingitini, kuku wa jirani wamezimaliza.

Usiku huo hakulala vizuri, wala hakumfikiria Dewu peke yake. Kwa miaka kumi na miwili Qu Laowu alikuwa akimwomba vifukofuko viwili vitatu vya samawati, ajaribu mlimani kwake, na kwa miaka kumi na miwili alimjibu: mbegu ya ukoo wa Chi haitoki nje ya ukoo wa Chi. Mama mkwe alisema hivyo, naye alilirudia kama sala. Sasa alijiona akililinda neno lile kwa mayowe na mjeledi, miti mitano, mahali pamoja, tayari kabisa kwa mpumbavu mmoja mwenye kikapu kuibeba mbegu yote kwa asubuhi moja. Alimkasirikia bibi yule aliyekufa. Alijikasirikia mwenyewe zaidi, na hasira ya namna hiyo haina wa kutukanwa.

Asubuhi alihesabu kumi na tisa, akaviweka kwenye kikapu, akavuka kijito.

Laowu alivitazama, akavua kofia. Nywele zilizokuwa chini yake zilikuwa chache na zimelala.

"Mama Tieshan, hivi ni..."

"Usiulize, nisije nikabadili mawazo. Chumba chako kisicho na moto kina panya?"

"Kilikuwa na mmoja. Mke wangu alimuua kwa kiatu."

"Nionyeshe."

Alikagua chumba kona kwa kona, akaingiza kidole kwenye kila ufa wa ukuta, akamwambia azibe mbili. Kisha alisimama juu ya kigoda, akavifunga vifukofuko kwenye boriti mwenyewe, kimoja kimoja, huku Laowu akimshikia kikapu na kumpa uzi.

"Nikiulizwa," Laowu alisema, "niseme ni vya nani?"

"Vyako."

"Vyangu? Kijiji kizima kinajua samawati ni ya Shuqin."

"Ndiyo maana," alisema, akakaza fundo la mwisho. "Ukisema ni vyangu, watavishusha barabarani. Sema ni vyako, na machipuko ukipata mayai, mgawie yule mwanamke anayefuga ng'ambo ya mto, na yeye aseme ni vyake."

Akashuka kutoka kwenye kigoda, akachukua kikapu kitupu. Mlangoni aligeuka.

"Na zile nyufa uzibe leo, si kesho. Nitakuja kuangalia."